Mtoto Asiyesema Asisubirishwe Hadi Tatizo Lake Lijulikane

Mtoto wa miaka miwili ambaye hajaunganisha maneno mawili, au wa miezi 18 asiyenyoosha kidole kuonyesha anachokitaka, apelekwe kituo cha afya sasa, hata kama hakuna anayejua ana tatizo gani. Familia nyingi hutaka kwanza jina la ugonjwa, na miaka inapita. Hatua ya kwanza haihitaji jina, kwa kuwa ni kupima usikivu. Mtoto asiyesikia vizuri haitiki akiitwa, hasemi, hupiga wenzake kwa kukosa njia nyingine ya kudai haki yake. Nyumbani ataitwa mkaidi, pengine achapwe, kumbe ana majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na hayo yanatibika.

Wazee watasema baba yake naye alichelewa kusema. Hawakosei: wengi wanaochelewa huwafikia wenzao bila tiba yoyote. Lakini katika umri huo hata daktari hawezi kutabiri kwa hakika ni nani atakayewafikia na nani atakayebaki nyuma. Aliyepimwa akakutwa mzima amepoteza nauli na muda wa foleni. Aliyengojewa hadi darasa la kwanza amepitwa na miaka ambayo ubongo hupokea lugha kwa wepesi mkubwa. Na aliyekuwa akisema kisha akaacha, huyo hangojwi kabisa.

Hoja nzito zaidi ni uhaba wa wataalamu: Tanzania wako wachache, tena mijini. Ni kweli, ila hata ikibainika kuwa tatizo ni usonji (autism), hauna dawa ya kuuponya hata mijini. Kazi kubwa ni kumfundisha mtoto, na mwalimu wake wa kwanza ni mlezi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9, yanayoweza kuendeshwa na wasio mabingwa, wala hayadai mtoto awe ameshapewa jina la tatizo lake. Mlezi hujifunza kuingia katika mchezo wa mtoto, kumpa nafasi ya kujibu, na kuigawa kazi kama kunawa mikono katika hatua ndogondogo. Hirizi haifanyi hayo, wala kumlaumu mama.

Wazazi wengi huacha kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi 18, umri uleule dalili hizi zinapoanza kuonekana. Endeleeni kwenda hadi miaka mitano. Mkifika, mwelezeni muuguzi mtoto anafanya nini na hafanyi nini, kisha ombeni rufaa ya kupimwa masikio.