Nuru Nyeupe Si Rangi Moja

Nataka kuwaeleza habari za nuru nyeupe, nami nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Jioni moja nilikwenda dukani kununua kitambaa cha kutia kiraka suruali yangu ya shule. Nilikilinganisha na suruali chini ya taa, nikaona ni buluu ile ile. Asubuhi tulipojipanga uwanjani, juani, wenzangu wakaangua kicheko: kiraka kilikuwa chaelekea zambarau! Nikarudi dukani kwa hasira, nikamwita mzee mwenye duka mdanganyifu. Yeye hakunijibu. Alifunga dirisha, akawasha taa, na buluu zile mbili zikawa moja tena.

Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyenifumbua macho. Zamani watu wengi walidhani ya kuwa nuru nyeupe haina mchanganyiko, na kioo ndicho kinachoitia rangi. Mwaka 1672 Isaac Newton wa Cambridge, Uingereza, alitangaza majaribio yake. Katika chumba chenye giza aliupitisha mwali wa jua katika prizimu, yaani kioo cha pande tatu, na ukutani zikatokea rangi kama za upinde wa mvua. Kisha akaitenga rangi moja, akaipitisha katika prizimu ya pili. Kama kioo ndicho kitiacho rangi, ingalibadilika; lakini haikubadilika. Na alipozikusanya rangi zote kwa lenzi, weupe ukarudi. Basi, rangi zilikuwamo ndani ya nuru tangu mwanzo.

Leo twajua ya kuwa nuru husafiri kama mawimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Katika milimita 1 huingia mawimbi 1,400 hivi ya nyekundu iliyo ya mwisho kuonekana, na 2,500 hivi ya urujuani. Kioo huyapinda mawimbi mafupi kuliko marefu, ndiyo sababu rangi hutengana.

Jua hutupa mawimbi hayo yote. Lakini taa nyingi za LED hutoa nuru ya buluu, na unga uliopakwa ndani yake hugeuza sehemu ya buluu hiyo kuwa manjano. Jicho letu, lenye aina 3 tu za chembe za kupokea rangi, huona mchanganyiko huo kuwa mweupe kama wa jua, ingawa nyekundu yake ni haba. Kiraka changu kilikuwa na rangi irudishayo nyekundu. Usiku ule taa haikuwa na nyekundu ya kutosha kukifichua.

Nilikwenda kumwomba mzee radhi, naye akanisamehe. Kwa hiyo, ndugu zangu, mnunuapo nguo jioni, ngojeni mzitazame mchana. Na kabla ya kumwita mtu mwongo, jiulizeni kwanza mlikuwa mkitazama kwa nuru gani.