Kiti Kikiwa Wazi

Katika Misa ya Waanglikana kuna mahali pa kutambulia kama dayosisi ina askofu. Padri akifika kwenye sala za kuliombea Kanisa, humtaja askofu kwa jina. Kiti kikiwa wazi, jina hilo halisomwi, na bibi aliyekaa benchi la mbele, aliyezoea kulisikia kila Jumapili, huinua kichwa.

Hapo ndipo maneno huanza. Ukipita Chilangala jioni, huku juu ya Uwanda wa Makonde, utasikia nani anafaa, nani ni wa kwetu na nani ni wa Masasi. Kila mmoja anasema tumwachie Mungu, kisha anapiga simu usiku kuhesabu kura.

Wazee wa huku waliwahi kungoja katika hali ngumu kuliko hii. Agosti 1882, askofu wao, Edward Steere, alifariki Unguja. Ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, na ndiye aliyewaleta Masasi watumwa walioachwa huru, mwaka 1876. Kabla mwezi haujatimia tangu kifo chake, Wangoni, ambao enzi hizo waliitwa Magwangwara, wakakivamia kijiji cha misheni cha Masasi na kuchukua mateka. Padri Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, kwa Chifu Matola wa Wayao. Askofu mpya, Charles Smythies, aliwekwa wakfu mwishoni mwa Novemba 1883.

Hesabu mwenyewe: miezi kumi na mitano bila askofu, na kijiji kimevunjwa. Kazi haikulala, ilihamia Newala. Mwaka 1890 Smythies alimpa upadri Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuwa padri. Alihudumu Chitangali, huku huku kwetu.

Kwamba kuomba hakuzuii kazi, mwenye mikorosho analijua bila kufundishwa. Anaomba mavuno mema, lakini maua yakichomoza haketi barazani. Alfajiri anabeba bomba mgongoni na kwenda kupuliza salfa. Parokia isiyo na askofu nayo ina wagonjwa wa kutembelewa, watoto wa katekisimu, na paa linalovuja. Vika jenerali, anayeshika usukani kwa muda, yupo; asaidiwe. Mimi naona anayesema kazi isubiri mpaka askofu apatikane anatafuta kisingizio tu.

Kuna pia somo la anayeondoka. Trevor Huddleston, Mwingereza aliyepinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alikuwa Askofu wa Masasi tangu 1960. Aliamini kiti kile sasa ni cha Mwafrika, akang'atuka mwaka 1968, akiwa bado na nguvu zake. Hilary Chisonga akakikalia hadi 1983.

Basi wewe mjumbe wa sinodi ya uchaguzi, funga na uombe, kisha nenda na kura yako. Ukiletewa bahasha njiani, irudishe kwa aliyeituma.