Kifimbo cha Chini ya Hiace

Mpwa wangu anayeishi Njiro, Arusha, amefunga usukani wa mchezo kwenye ukingo wa meza, pedali ziko sakafuni, na jioni nzima anaendesha gari la mashindano kwenye kompyuta. Juzi nilimtazama akikosa kona moja mara sita. Kila akikanyaga breki, mkia wa gari ulitoka nje ukamgeuza alikotoka. Mara ya saba akabonyeza kitufe, namba kwenye skrini ikatoka 54 ikafika 58, na kona ikalika vizuri. "Mjomba, nimepeleka breki mbele," akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Namba ile ni asilimia ya nguvu ya breki inayokwenda magurudumu ya mbele, na ndicho ninachobishania na mafundi wa Unga Limited mwaka nenda mwaka rudi. Breki tunaijua kwa hali mbili tu: inashika au imefeli. Februari 2024, lori lililoripotiwa kukosa breki lilipoua watu 25 Ngaramtoni, kila kijiwe kilizungumzia kufeli, na ilikuwa haki. Lakini breki nzima yenye pedi mpya nayo inaua, ikigawanywa vibaya kati ya mbele na nyuma.

Ukikanyaga breki, gari halinami tu. Uzito wenyewe unahamia mbele. Chukua gari la kilo 2,000, nusu kwa nusu mbele na nyuma, kitovu cha uzito kikiwa mita 0.8 juu ya barabara, na kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma mita 2.5. Breki kali kwenye lami kavu itahamisha karibu kilo 450. Nyuma zimebaki 550. Tairi lililopunguziwa uzito halishiki barabara vizuri, kwa hiyo ukilipa breki sawa na la mbele litagoma kuzunguka, na likishagoma halina tena uwezo wa kulizuia gari lisiende upande. Ndipo mkia unapotangulia. Yakigoma ya mbele, gari litanyooka tu hata ukizungusha usukani. Ni hatari pia, ila angalau linakwenda linakotazama.

Sasa, Hiace tupu ya alfajiri pale Kwa Mrombo si Hiace ileile iliyojaza abiria na magunia ya viazi. Iliyojaa ina uzito mwingi nyuma, na nyuma inaweza kupokea breki nyingi. Mpwa wangu angebonyeza kitufe. Dereva wa kifodi, yaani Hiace ya abiria, ana kifimbo.

Inama karibu na gurudumu la nyuma, utazame juu ya difu. Utaona valvu ndogo iliyofungwa upande wa bodi, mabomba membamba ya breki yakiingia na kutoka, na kutoka hapo kifimbo cha chuma kinachonepa kikifika hadi kwenye ekseli. Gari likipakia, bodi inashuka, kifimbo kinasukuma, na valvu inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Abiria wakishuka Kilombero, bodi inapanda, kifimbo kinalegea, presha ya nyuma inabanwa mapema. Hakuna waya wala kompyuta. Kinawahesabu abiria kwa jinsi springi zilivyolala. Na kwenye Toyota nyingi, mfumo wa breki za mbele ukikatika, valvu hiyohiyo huacha kubana na kuipa nyuma presha yote.

Sisi tunakitupa. Mpira wa ndani ukichoka na mafuta ya breki yakaanza kuvuja, fundi anang'oa valvu, anaunganisha mabomba moja kwa moja, na dereva anasifu kwamba breki sasa ni kali. Ni kali kweli. Nilipanda gari la namna hiyo Aprili moja, tukiteremka kutoka Ilboru abiria watatu tu, udongo mweusi wa Meru umetapakaa juu ya lami kwa mvua. Dereva aligusa breki, hata hakukanyaga. Nyuma ikapita kushoto kwetu, tukasimama tunatazamana na mtaro.

Kwenye magari ya utalii kosa ni la kinyume chake. Arusha ndiko chesesi za Land Cruiser zinakokatwa na kurefushwa ili zibebe wageni wengi, na ufundi huo nauheshimu sana. Lakini gari likiinuliwa kwa springi ngumu, kifimbo kinavutika na kuamini gari ni tupu daima. Nyuma inanyimwa breki huku limejaa watu na masanduku. Halafu kurefusha kwenyewe kunabadili hesabu: lile gari letu la mita 2.5 likifanywa la mita 3.2, uzito unaohama unashuka kutoka kilo 450 hadi 350. Nyuma ingestahili kuongezewa, sisi tunaipunguzia, na pedi za mbele zinanuka moto kuteremka Mto wa Mbu. Dawa yake ni kipande cha chuma na boliti mbili za kukirudisha kifimbo kwenye kimo chake.

Ukaguzi niliowahi kuushuhudia ulikuwa wa kukanyaga breki na kuona kama gari linasimama. Mashine ya rola, inayopima kila ekseli peke yake, ingefichua mengi ya haya kwa dakika chache.

Mgawo huu wa breki uko kila mahali: bodaboda anayeogopa breki ya mbele na kuburuza tairi la nyuma hadi liwe kipara, matrekta ya mashambani yenye pedali mbili za breki, kulia na kushoto, kwa kugeukia mwisho wa tuta, trela, magari ya mashindano, na magari mapya ambamo kompyuta ya ABS inagawa yenyewe, gurudumu kwa gurudumu, na kifimbo hakipo tena.