Tambi na Samaki Katika Orodha Moja

Msomaji, ukifika Glasgow, mji mkubwa wa Uskoti, ingia jioni katika hoteli mojawapo ya chakula ya Kitaliani iliyo katikati ya mji. Utakuta watu tele, sahani zinapishana, na kelele kama ya sokoni. Katika orodha ya vyakula, tambi zimeandikwa jirani na samaki wa kukaanga kwa chipsi. Walikutana wapi hawa?

Mwishoni mwa karne ya 19 Wataliani wengi, hasa wa Barga na Picinisco, walihamia huko kwa sababu ya umaskini. Wakauza aiskrimu kwa mikokoteni, kisha wakafungua maduka ya samaki na chipsi, chakula cha wenyeji wenyewe. Tambi zilifuata baadaye.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Wajerumani, na usiku ule ule vioo vya maduka yao vikavunjwa, pengine na wateja wa jana yake. Wanaume wakakamatwa. Baadhi yao walipakiwa katika meli Arandora Star kupelekwa Kanada. Tarehe 2 Julai ikazamishwa na Wajerumani, nao Wataliani zaidi ya 400 wakafa maji. Bustani ya kuwakumbuka ilifunguliwa mwaka 2011 kando ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Andrea.

Basi ukienda kula, wahi mapema. Hoteli nyingi hupunguza bei kabla ya saa za michezo ya kuigiza. Tena soma hesabu vizuri kabla ya kutoa bakshishi, maana mara nyingi imekwisha tiwa humo. Na kule Barga, siku hizi, kila mwaka hufanywa sherehe ya samaki na chipsi!