Kupungua kwa Wagonjwa wa Kifua Hospitalini Mwaka 2020: Ni Afya au ni Khofu?

 

Wanafunzi wa Usul wanaijua kanuni hii mapema sana katika masomo yao: kutonukuliwa kwa jambo si kunukuliwa kutokuwepo kwake. Mtu akisema hakuisikia riwaya fulani, hajathibitisha kuwa riwaya hiyo haipo. Amethibitisha tu kuwa yeye haikumfikia. Mafaqihi wengi wameteleza hapa, na sisi wadogo tunateleza zaidi. Nimeikumbuka kanuni hii kwa sababu ya jambo linaloonekana kuwa mbali na vitabu vyetu, nalo ni idadi ya watu waliokwenda hospitali na zahanati za huku Nyanda za Juu Kusini kwa maradhi ya kifua katika mwaka 2020.

Aliyeishi Mbeya au Iringa hahitaji kuelezwa habari za baridi yetu. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu wa Mufindi na Uyole huingia mpaka vyumbani. Milango na madirisha hufungwa, jiko la mkaa huingizwa ndani, na watoto watatu hulala kitanda kimoja chini ya blanketi moja. Huo ndio msimu wa mafua, kikohozi, pumu na nimonia, na mabenchi ya wagonjwa wa nje hujaa tangu alfajiri. Mwaka ule, ndugu zetu wauguzi wanaoswali nasi walikuwa wakitwambia kuwa mabenchi ya watoto wenye kikohozi hayajai kama walivyozoea. Baadhi ya waumini walifurahi wakasema dua zimejibiwa. Mimi siikanushi dua, na nani anayeweza kuikanusha? Lakini benchi tupu lina zaidi ya maana moja, na imamu anayelitolea khutba anatakiwa kwanza ajue ni maana ipi.

Tukumbushane yaliyotokea. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku iliyofuata ikatangazwa kufungwa kwa shule, na mikusanyiko ikazuiwa isipokuwa ya ibada. Ndoo za maji yenye koki na sabuni ziliwekwa milangoni mwa maduka, stendi na misikiti. Daladala zikaamriwa kubeba abiria waliokaa tu, yaani "level siti". Barakoa za kitambaa zikashonwa kila mtaa. Misikiti na makanisa hayakufungwa, na watu hawakufungiwa majumbani kama ilivyokuwa katika nchi nyingine. Vyuo vikuu na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni, baridi ikiwa imeshika. Ama idadi ya wagonjwa wa korona, taarifa zilisimama zikiwa na watu 509 na vifo 21. Baada ya hapo wengi walisema maradhi yamekwisha kwa kuwa hesabu haisomwi. Msomaji ataona mwenyewe kuwa hapa kanuni yetu ya Usul ilivunjwa mchana kweupe.

Sasa, je, inawezekana kuwa watu kweli waliumwa kifua kidogo zaidi? Inawezekana, na ushahidi upo duniani. Australia, ambayo baridi yake huja miezi ile ile ya kwetu, ilipita msimu wa baridi wa 2020 ikiwa karibu haina homa ya mafua. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Kirusi cha mafua huambukiza kwa nguvu ndogo kuliko cha korona, hivyo hatua zinazoweza tu kukipunguzia kasi hiki cha pili humkatia njia kabisa yule wa kwanza. Mtoto asiyekwenda shule hamletei mdogo wake kikohozi. Anayenawa mikono huzuia hata tumbo la kuhara. Na hatua zilipolegezwa, kirusi kinachowapa watoto wachanga ugonjwa wa njia za hewa kilirudi Australia kuanzia mwishoni mwa 2020 na Marekani mwaka 2021, nje ya msimu wake. Basi asiyetaka kukubali kuwa ndoo ya maji na barakoa vina athari, ajadiliane na jambo hilo.

Lakini kuna maana ya pili, nayo ndiyo inayonikosesha usingizi. Watu waliogopa hospitali. Walisema ukienda na kikohozi utawekwa karantini, na ukifa utazikwa usiku na watu usiowajua, bila kuoshwa na jamaa zako. Khofu hii ya mwisho kwa Muislamu ni kubwa kuliko maradhi yenyewe. Mfano ulio wazi ni kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu waliogunduliwa na kuandikishwa kwa kifua kikuu duniani walikuwa milioni 7.1 mwaka 2019, wakashuka hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Je, maradhi yalipungua? Hapana. Vifo vya kifua kikuu mwaka huo huo viliongezeka, kwa mara ya kwanza katika zaidi ya muongo mmoja. Kifua kikuu hukaa mwilini miezi na miaka, hakiondoki kwa kunawa mikono wiki sita. Waliopungua ni walioandikwa. Wagonjwa walikuwepo, wamelala majumbani wakikohoa pembeni mwa watoto wao.

Vipi basi tutatenganisha afya na khofu? Muhaddith hupima riwaya kwa kuilinganisha na nyingine, na hapa pia ni hivyo. Waangalie waliovunjika mifupa na akina mama waliokwenda kujifungua, kwani mambo hayo hayazuiwi na barakoa. Kama nao walipungua hospitalini, basi khofu, nauli au kizuizi kina sehemu yake. Kisha angalia hali ya waliofika: wakiwa wachache lakini wengi wao wanafika wamezidiwa, jua kuwa walichelewa. Na anayetaka kutumia takwimu za mwaka mmoja azilinganishe na miezi ile ile ya miaka iliyotangulia, asilinganishe Julai na Februari.

Nina sababu ya kuyasema haya. Mwezi Mei 2020 mama mmoja wa jamaa yetu aliniletea mtoto wake wa miezi kumi na moja, anakohoa na ana homa. Nilimsomea ruqya. Akaniuliza, "Shehe, nimpeleke hospitali?" Nikamjibu asubiri kidogo, kwa kuwa huko ndiko maradhi yalipo. Wakaanza kumfukiza nyungu nyumbani. Siku ya tatu, usiku, baba yake alimkimbiza akiwa anapumua mbavu zikizama ndani. Ilikuwa nimonia. Aliwekewa oksijeni na dawa, na kwa fadhila za Allah akapona. Daktari alipouliza kwa nini wamechelewa, baba alijibu, "Shehe alitwambia tusubiri." Hakusema kwa kunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi.

Nikarudi vitabuni kujihukumu. Kisa cha Umar (r.a.) huko Sargh tunakijua sote: alirudi na watu wake asiingie Sham yenye tauni, akamjibu Abu Ubayda (r.a.) kuwa wanaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah, kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akawaletea hadithi inayokataza kuingia penye tauni na kutoka kwa kuikimbia. Nilikuwa nimeitumia hadithi hii kumzuia mama asiende hospitali. Hili ni kosa la qiyas. Hadithi inazungumzia nchi iliyopatwa, na mwenye afya anayeingia bila haja. Hospitali ni mahali pa tiba, na mtoto yule alikuwa tayari mgonjwa.

Ama hukmu ya kujitibu, kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuwa ni sunna. Lakini imenukuliwa kutoka kwa Imam al-Baghawi kuwa ikijulikana kwamba tiba italeta nafuu, inakuwa wajibu. Na yule bibi mwenye kifafa aliyekhiyarishwa na Mtume (s.a.w.) baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, alijichagulia mwenyewe subira. Walii hana ruhusa ya kumchagulia mtoto mchanga subira hiyo. Yeye ni mwenye amana, na mwenye amana huulizwa.

Na kwa wanaodhani mkusanyiko wa dua haudhuru kwa kuwa ni dua, wasome alichokieleza al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani katika Badhlul Maun. Yeye mwenyewe alifiwa na mabinti kwa tauni, hivyo si mtu wa kuandika kutoka mbali. Anaeleza kuwa mwaka 833 Hijria huko Cairo waliokuwa wakifa kwa siku hawakufika arobaini. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka kwa pamoja jangwani kuomba, na kabla mwezi haujaisha waliokufa kwa siku walipindukia elfu. Hakuikataza dua. Alilohoji ni kule kukusanyika.

Mambo madogo niyapitie haraka. Kufunika mdomo katika swala ni makruhu, na karaha huondoka kwa haja. Kuachana katika safu hakubatilishi swala. Mwenye kikohozi kikali ana udhuru wa kuacha jamaa, na aliyekatazwa msikiti kwa harufu ya kitunguu thaumu ni dalili tosha kwa mwenye kuwaudhi watu kwa zaidi ya harufu.

Yaliyobaki ni yale niliyofundishwa na muuguzi wa jamaa yetu, nami huyasoma kwa akina mama kila baridi ikikaribia. Mtoto ahesabiwe pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi: hizo ni pumzi za haraka, apelekwe. Akizama mbavu au akishindwa kunyonya, apelekwe saa hiyo hiyo, hata usiku. Mtu mzima akikohoa wiki mbili akapime makohozi, na dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Ruqya isomwe njiani. Ndoo ya maji pale mlangoni mwa msikiti wetu ilivunjika koki mwaka 2022, na nimemwomba mweka hazina anunue nyingine.

Wallahu aalam.