Mazrui: jina la watu wachache, mipaka mingi

Ukitoka Mombasa kuelekea mpaka wa Lungalunga na Horohoro, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Msambweni, kuna kijiji cha pwani kiitwacho Gazi. Madereva wengi wa mizigo hupita hapo bila kusimama. Hata hivyo, kijiji hicho ni kituo kimojawapo katika safari ndefu ya jina ambalo leo utalikuta Muscat, Abu Dhabi, Takaungu, Mombasa na hata katika vyuo vikuu vya Marekani. Jina hilo ni Mazrui.

Wanaoitwa hivyo si wengi. Huku kwetu si jina la kusikika kila mlango kama Juma, Otieno au Mushi. Lakini majina machache ya Afrika Mashariki yana ramani pana kama hii, na machache zaidi yanaonyesha wazi jinsi biashara ya baharini, vita na mipaka ya wakoloni vilivyowatawanya watu wa ukoo mmoja. Kwa mfanyabiashara anayevuka mpaka kila wiki akiwa na karatasi zenye jina lake, habari hii si ya zamani tu.

Kutoka Rustaq hadi Ngomeni

Asili ya jina ni Oman. Ukoo wenyewe kwa Kiarabu huitwa Mazari, na mtu mmoja wa ukoo huo huitwa al-Mazrui. Herufi za jina ni zile zile za neno la Kiarabu mazraa, maana yake shamba. Wamazrui waliokuja Afrika Mashariki wananasibishwa na eneo la Rustaq, mji wa bara uliokuwa makao makuu ya maimamu wa ukoo wa Yaarubi, watawala wa Oman katika karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18.

Ni Wayaarubi hao waliowang'oa Wareno Mombasa. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa tangu 1696 na ikaanguka Desemba 1698. Wareno walirudi kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata. Baada ya hapo Oman ilihitaji mtu wa kuishika Mombasa kwa niaba yake. Katika miaka ya 1730 kazi ya uliwali ilimfikia Muhammad bin Uthman al-Mazrui.

Huko Oman utawala ukabadilika. Wayaarubi walianguka, na Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi akashika hatamu katikati ya karne ya 18. Liwali wa Mombasa hakuona sababu ya kumtii mtawala mpya. Mwaka 1746 aliuawa na watu waliotumwa kutoka Oman. Ndugu yake, Ali bin Uthman, aliponyoka, akaikomboa ngome, na kuanzia hapo Mombasa ikawa ya Wamazrui kwa karibu miaka 90.

Hawakutawala peke yao. Waliongoza kwa kuelewana na Thenashara Taifa, yaani makundi 12 ya Waswahili wa Mombasa, pamoja na majirani zao Wamijikenda waliokuwa wakileta nafaka, pembe za ndovu na bidhaa nyingine kutoka bara. Kisiwa cha Pemba, chenye mpunga mwingi, kilikuwa ghala la Mombasa hadi Seyyid Said alipokitwaa katika miaka ya 1820. Atakayeshangaa kwa nini ukoo wa wageni ulidumu muda mrefu hivyo katika mji wenye wenyewe, jibu kubwa liko hapo: walijua kuwa aliyekata njia ya chakula na biashara ya bara asingeweza kuishika ngome.

Mwaka 1837: jina latawanyika

Seyyid Said wa Oman, aliyeifanya Zanzibar kuwa makao yake, aliitaka Mombasa kwa muda mrefu. Wamazrui walijaribu kujikinga kwa kila njia. Mwaka 1824 walimwomba nahodha wa Kiingereza, William Owen, apandishe bendera ya Uingereza juu ya ngome. Owen akakubali, lakini serikali yake haikumuunga mkono, na kufikia 1826 Waingereza walikuwa wameondoka. Mwaka 1837 Seyyid Said akaichukua Mombasa moja kwa moja. Wakuu wa Wamazrui walikamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, katika nchi ambayo leo ni Iran, na hawakurudi.

Waliobaki waligawanyika. Kundi moja lilikwenda kaskazini, likakaa Takaungu, karibu na hori ya Kilifi. Jingine likaenda kusini, Gazi. Ndiyo maana mpaka leo, mtu akitaja Wamazrui wa pwani ya Kenya, swali la kwanza la wazee huwa ni hili: wa Takaungu au wa Gazi?

Takaungu iligeuka kuwa mji wa mashamba makubwa. Nafaka na ufuta vilisafirishwa kwa majahazi. Mashamba hayo yalilimwa kwa jasho la watumwa, na jambo hilo lazima lisemwe tunapozungumzia urithi wa jina hili. Kwa baadhi ya familia za pwani, Mazrui ni jina la babu. Kwa nyingine ni jina la mwenye shamba ambako babu yao alifanyishwa kazi bila ujira.

Uzito huo haujaisha. Waingereza walipotunga sheria ya hati za ardhi za pwani mwaka 1908, waliotambuliwa kirahisi ni wale waliokuwa na maandishi na nasaba ya kuonyesha. Sehemu ya ardhi ya Wamazrui huko Kilifi iliwekwa chini ya wadhamini kwa sheria maalumu, ambayo Bunge la Kenya liliifuta mwaka 1989. Kati ya wenye jina na wanaoishi juu ya ardhi hiyo, suala la nani mwenye haki limeendelea kufikishwa mahakamani. Jina likiwa kwenye hati, basi si jina tu. Ni mali, na kwa asiyekuwa nalo ni mlango uliofungwa.

Mbaruk avuka mpaka

Mtu aliyelivusha jina hili hadi upande wa pili wa mpaka wa leo ni Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Alikuwa amepigana na masultani wa Zanzibar mara kadhaa. Mwaka 1895, wakati Waingereza walipokuwa wakichukua utawala kutoka kwa kampuni yao ya kibiashara, walijiingiza katika mzozo wa nani arithi uongozi wa Takaungu. Vita vikaenea pwani nzima, na Mbaruk wa Gazi akaingia. Waingereza walilazimika kuleta askari kutoka India.

Mwaka 1896 Mbaruk aliona hana tena pa kupita. Akavuka kusini na wafuasi wake wengi, akaingia eneo la Wajerumani. Mstari aliouvuka ulikuwa na umri wa miaka 10 tu: Waingereza na Wajerumani walikuwa wameukubali mwaka 1886, kuanzia mdomo wa mto Umba hadi ziwani Victoria. Gavana Mjerumani Hermann von Wissmann akampokea. Mbaruk alipewa makazi Dar es Salaam, na huko ndiko alikofariki mwaka 1910.

Kwa wasomaji wetu wanaopita Horohoro, tukio hili lina funzo. Kwa Wamazrui, Tanga na Mombasa zilikuwa bandari za pwani moja. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuwa akisafiri kwa jamaa zake sasa alihesabiwa kuwa mkimbizi katika nchi nyingine. Tangu hapo, tawi moja la jina likaandikwa katika vitabu vya Waingereza, jingine katika vitabu vya Wajerumani.

Baada ya upanga, kalamu

Karne ya 20 ilililipatia jina hili sifa nyingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891, alianzisha gazeti dogo la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani wasome na wajitegemee. Baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, hadi alipofariki mwaka 1947. Aliandika pia kwa Kiarabu historia ya utawala wa ukoo wake Mombasa.

Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933, alilifikisha jina Kampala, alipofundisha Chuo Kikuu cha Makerere katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, kisha Marekani, alikoishi hadi alipofariki Oktoba 2014. Alirudishwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake yaliyo karibu na Fort Jesus. Yupo pia Alamin Mazrui, mtaalamu wa Kiswahili na mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, aliyewekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980.

Kwa nini halikupotea?

Katika eneo letu, jina la ukoo ni kitu adimu kuliko tunavyodhani. Tanzania, mtu kwa kawaida huandikwa jina lake, la baba na la babu. Baada ya vizazi vitatu jina la juu limetoweka. Rwanda na Burundi, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hivyo ndugu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina hata moja la pamoja. Kongo, siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili katika miaka ya 1970 iliwaondolea raia majina ya Kizungu, na mpaka leo vitambulisho vya Wakongo huwa na jina, jina la nyongeza, kisha la ubatizo.

Mazrui limesalimika kwa sababu ni nisba: halimtaji baba wala babu, linataja ukoo. Mtu ni fulani bin fulani bin fulani al-Mazrui. Majina ya mbele hubadilika kila kizazi, la mwisho linabaki. Pia lilikuwa jina la utawala, na watu hawatupi upesi jina linalowafungulia mlango.

Jina moja, tahajia nyingi

Hapa ndipo mfanyabiashara anapoguswa. Mwishoni mwa jina hili kuna sauti ya Kiarabu, herufi ya ain, ambayo Kiswahili hakina. Waswahili waliiacha wakaandika Mazrui. Falme za Kiarabu, ambako ukoo wenye jina hilo hilo ni sehemu ya kabila la Bani Yas wa Abu Dhabi, huandikwa Al Mazrouei. Wanaofuatilia bei ya mafuta wameliona, kwa kuwa ni jina la waziri wa nishati wa nchi hiyo, Suhail Al Mazrouei. Kwingine utakuta Mazroui au Al-Mazru'i. Kwa herufi za Kiarabu yote hayo ni neno moja. Kwa kompyuta ya benki au ya forodha, ni watu wanne tofauti.

Kinyume chake pia ni kweli. Mchezaji wa Morocco, Noussair Mazraoui, ana jina linalosikika karibu sawa, lakini kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu. Maneno yatokanayo na kilimo yamezaa majina sehemu nyingi za nchi za Kiarabu.

Shida hii haiwahusu Wamazrui peke yao. Muhammad na Mohamed; Yusufu na Joseph; Mwinyi na Muinyi: kila anayeagiza mzigo Dubai, kuupitisha Mombasa au Dar es Salaam na kuuza Kampala, Bujumbura au Goma anajua jinsi herufi moja inavyoweza kukwamisha malipo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kilichokusudiwa kumwondolea mfanyabiashara mdogo usumbufu mpakani. Lakini cheti chenye jina moja na kitambulisho chenye jina jingine humrudisha mtu kwenye foleni.

Kinga yake haina gharama kubwa. Chagua namna moja ya kuandika jina lako, ile iliyo katika pasipoti au kitambulisho cha taifa, na uitumie hiyo hiyo kwenye leseni, akaunti ya benki, laini ya simu ya kupokelea fedha na ankara. Majina yaandikwe kwa mpangilio mmoja, hasa ukifanya kazi na mshirika wa Rwanda au Kongo ambaye hudhani jina la kwanza ndilo la ukoo. Ikiwa hati za zamani zina tahajia tofauti, pata hati ya kiapo kwa wakili inayosema kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja, uitembeze na nyaraka zako. Na kabla wakala wa forodha hajapeleka fomu, isome mwenyewe, herufi kwa herufi.

Wamazrui wa Rustaq, Takaungu, Gazi na Abu Dhabi wameandikwa na maimamu, masultani, Waingereza na Wajerumani, kila mmoja kwa kalamu yake. Jina limebaki kwa sababu wenyewe walijua namna ya kulitamka. Mfanyabiashara wa leo anahitaji zaidi ya hapo: ajue pia namna ya kuliandika, na asimwachie karani wa mpakani kazi hiyo.