Mbio na Afya ya Akili

Wasomaji wetu, ninyi mkaao milimani Umatengo na ninyi mkaao ufukoni, tangu Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, mkisikia ya kuwa kukimbia ni dawa ya akili huenda mtacheka. Mtasema: “Sisi miguu yetu haipumziki. Maji ya Ziwa Nyasa yako yapata mita 475 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya Umatengo hukaribia mita 2,000, basi kila safari yetu ni kupanda au kushuka. Kama dawa i miguuni, mbona huzuni ingali nyumbani mwetu?” Swali hili ni la haki, nasi twataka kulijibu. Lakini kwanza yatupasa kueleza mbio hufanya nini ndani ya kichwa cha mtu.

Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili wake, lakini hutumia yapata sehemu 20 katika 100 za oksijeni ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia. Mtu akimbiapo, moyo husukuma damu kwa nguvu, na misuli ikifanya kazi ubongo huongeza protini fulani ambayo hulisha seli zake na kuzisaidia kuungana. Wakulima wa Umatengo watafahamu upesi. Majani yaliyofukiwa katika ngoro hayaonekani tena, walakini ndiyo yanayoirutubisha ardhi, na mazao huyashuhudia. Ndivyo ilivyo kwa ubongo na protini hiyo.

Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wazee 120 waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja lilizoezwa kutembea kwa haraka, hata likafikia dakika 40, siku tatu kila juma, kwa muda wa mwaka mmoja. Kundi la pili lilinyosha viungo tu. Mwisho wa mwaka walipimwa ile sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ni kama ghala ya kumbukumbu. Kwa waliotembea ilikuwa imekua kwa kadiri ya sehemu 2 katika 100. Kwa wengine ilikuwa imepungua kidogo, kama ilivyo desturi ya uzee. Angalieni, wazee hao hawakukimbia kama vijana. Mwendo wa haraka ulitosha.

Iko na ile raha ambayo mtu huiona baada ya mbio, wasiwasi ukapungua na kifua kikawa chepesi. Zamani ilisemwa ya kuwa raha hiyo yatokana na endofini, ambazo ni kitulizo cha maumivu kinachotengenezwa na mwili wenyewe. Mwaka 2021 wataalamu wa Hamburg, Ujerumani, walitoa habari za watu 63 waliokimbia dakika 45, wengine wakiwa wamemeza dawa ya kuzuia kazi ya endofini. Ikaonekana ya kuwa hata hao waliozuiliwa waliiona raha ile ile. Kwa sababu hiyo wataalamu sasa huelekea zaidi kwenye kemikali nyingine za mwili, ziitwazo endokanabinoidi, ambazo huongezeka katika damu ya mtu akimbiaye.

Sasa tuje kwenye huzuni yenyewe. Hatusemi huzuni ya msiba, ambayo kila mtu huijua na ambayo majirani huja kuishika pamoja nawe. Twasema ile huzuni iliyo ugonjwa, ambayo madaktari huiita sonona. Mgonjwa hukosa usingizi, au hulala kutwa. Chakula hakina ladha, kazi aliyoipenda haimvuti tena, naye hujiona hana thamani. Mara nyingi watu wa nyumbani humwita mvivu, au hunong’ona ya kuwa amerogwa, naye huzidi kujificha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Je, mbio zaweza kumsaidia mtu huyo? Mwaka 2023 ilitolewa habari ya uchunguzi uliofanywa Amsterdam, Uholanzi, kwa wagonjwa 141 wa sonona na wa hofu. Wengine walipewa dawa, na wengine walikimbia pamoja chini ya msimamizi, dakika 45, mara mbili au tatu kila juma, kwa majuma 16. Mwisho wake, waliopona walikuwa karibu 45 katika 100 kwa dawa, na 43 katika 100 kwa mbio. Wakimbiaji walipata tena faida ya mwili, yaani moyo na mapafu yenye nguvu. Walakini yafaa tuseme kweli yote. Wengi katika wagonjwa hao walijichagulia wenyewe njia waliyoitaka, na waliodumu katika mbio walikuwa kama nusu tu, hali waliodumu na dawa walikuwa kama 82 katika 100. Mbio ni dawa inayodai bidii, na mwenye sonona ndiye aliyepungukiwa na bidii. Kwa hiyo asiachwe akimbie peke yake.

Uchunguzi mwingine 15, uliounganishwa mwaka 2022 na kuhusu watu zaidi ya 190,000, ulionyesha ya kuwa watu waliotembea kwa haraka kwa kadiri ya saa mbili na nusu kila juma walipatwa na sonona kwa uchache kuliko wasiofanya hivyo, pungufu ya robo nzima. Hata waliofanya nusu ya kiasi hicho walionekana kuwa na nafuu.

Sasa twarudi kwenye swali lenu. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya uchunguzi mwingi na kutenga namna za kujishughulisha. Waliona ya kuwa michezo na matembezi ambayo mtu huyachagua mwenyewe hufuatana na akili yenye afya. Lakini kazi nzito ya kujipatia riziki haikufuatana nayo, bali wenye kazi hizo walionekana kuwa na taabu zaidi ya akili. Si kwamba jembe ni adui wa mtu. Mara nyingi kazi nzito huja pamoja na deni, na uchovu usio na pumziko, na kukosa hiari.

Mfikirieni mama apandaye kilima na kikapu cha usipa kichwani. Miguu yake hufanya kazi kubwa kuliko ya mkimbiaji yeyote, lakini njia nzima huhesabu bei ya samaki na karo ya watoto. Kisha mfikirieni mtoto akimbiaye mchangani kumfukuza mwenzake, wala hana mzigo. Wote wawili wametoka jasho, lakini ni mmoja tu aliyepumzika moyo. Hilo ndilo jibu letu. Nyumba zetu hazikupungukiwa na kazi ya miguu, zimepungukiwa na saa ya miguu iliyo huru.

Hapo twawauliza wazazi: katika nyumba yenu, ni nani aliye na saa hiyo? Jioni wavulana huenda uwanjani kucheza mpira. Wasichana huenda kuteka maji na kutafuta kuni, na mama zao hukaa jikoni. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lilisema kila mtoto, mvulana kwa msichana, ajishughulishe kwa nguvu kiasi dakika 60 kila siku. Kwa watu wazima lilitaja dakika 150 hata 300 kila juma za mwendo wa haraka, au 75 hata 150 za mbio. Kama wavulana wakichukua ndoo siku tatu katika juma, dada zao watapata saa zao, wala maji hayatapungua mtungini.

Nanyi walimu, twawaomba mambo matatu. La kwanza, msiufanye uwanja kuwa mahali pa adhabu. Mtoto azungushwaye uwanja kwa kuwa amechelewa hufundishwa kuchukia jambo ambalo lingemtuliza siku ya taabu. La pili, mtihani ukikaribia msikiondoe kipindi cha michezo, kwa maana ubongo unaotakiwa kukumbuka ndio huo unaonufaika na mbio. La tatu, msiwachague wenye kasi tu kwa ajili ya UMITASHUMTA mkawaacha wengine wakitazama. Faida ya akili haiulizi nani wa kwanza. Mwaka 1968, huko Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia goti katika mbio za marathoni, lakini aliendelea hata mwisho. Alifika wa mwisho katika waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hata hivyo jina lake lingali linatajwa kwa heshima.

Anayetaka kuanza, na aanze pole, maana mwenda pole hajikwai. Atembee dakika chache, akimbie kidogo, kisha atembee tena, na mwendo uwe ule unaomruhusu kuzungumza na mwenzake. Watu wa ufukoni wachague alfajiri au jioni, kabla jua halijawa kali. Watu wa milimani watafute mahali pa tambarare kwanza, na mteremko wauache hata magoti yazoee. Mwenye ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito, aulize kwanza kwenye zahanati.

Na neno hili mlishike sana. Mtu asikiaye sauti zisizokuwapo, au anenaye habari za kujiua, asipelekwe uwanjani. Asiachwe peke yake, bali apelekwe upesi hospitali iliyo karibu, iwe Litembo, Liuli, Peramiho au nyingine. Wala mtu aliyepewa dawa asiziache kwa sababu ameanza mbio, ila kwa shauri la daktari.

Lakini kwa yule ambaye siku zake zimekuwa nzito tu, na uso wake umeanza kukwepa watu, msimwambie, “Nenda ukakimbie.” Nendeni mkamgongee mlango asubuhi na mapema, mkamwambie, “Haya ndugu, twende pamoja.” Siku ya kwanza huenda atakataa. Rudini siku ya pili.